Bomba la majitaka litafika lini kwetu? Maswali ya wakazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam

Kazi yangu ni kupima njia za mabomba ya majitaka. Kila mkutano wa mtaa ninaohudhuria, iwe Goba, Salasala, Kimara, Chanika au Kigamboni, maswali ni yale yale, na wanaouliza wana haki ya kujibiwa vizuri kuliko ninavyoweza kwa dakika tano huku mwenyekiti anaangalia saa. Nimeyaandika hapa na majibu yake.

Kwa nini maji safi yameshatufikia lakini bomba la majitaka halijafika?

Maji safi yanasukumwa, majitaka yanateremka. Bomba la maji safi lina presha ndani yake, kwa hiyo linaweza kupanda kilima, kukata kona, kupita ukutani mwa daraja na kufukiwa kina kifupi. Bomba la majitaka linaishi kwa mteremko kuanzia chooni kwako mpaka mwisho wa safari. Likikosa mteremko mahali pamoja tu, uchafu unatuama hapo na chemba zote za juu yake zinafurika. Ndiyo maana linachimbiwa chini sana, linagharimu zaidi, na linadai njia yake lenyewe.

Kuna sababu nyingine. Kwa miaka mingi fedha zilielekezwa kwenye maji safi, na haikuwa makosa, maana watu walikuwa na kiu. Mtambo wa maji safi wa Ruvu Chini ulipanuliwa kutoka lita milioni 182 kwa siku hadi milioni 270, na Ruvu Juu kutoka milioni 82 hadi milioni 196. Sasa fikiria. Wapangaji huhesabu kwamba katika kila lita kumi zinazoingia ndani ya nyumba, karibu nane hutoka zikiwa chafu. Hata ukiondoa yanayovuja njiani, Ruvu imetuletea mto mpya wa majitaka ambao haukuwepo zamani, na mto huo unaishia kwenye makaro yetu. Wakati huo huo jiji lilitoka watu 4,364,541 katika sensa ya 2012 hadi 5,383,728 katika ile ya 2022, na wengi wa walioongezeka walijenga huku pembezoni.

Takriban mkazi mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyeunganishwa na mtandao. Wale wa katikati ya jiji majitaka yao huishia baharini kwa bomba. Maeneo mengine yana mabwawa yake: Vingunguti, Buguruni, Mabibo, Kurasini, Lugalo, Chuo Kikuu. Huku kwetu ni karo.

Nina karo langu, halijajaa tangu nihamie miaka minane iliyopita. Nihangaike na bomba kwa nini?

Hili ndilo jibu ninalolisikia kwa fahari kuliko yote, na ndilo linalonikosesha usingizi.

Karo lililojengwa sawasawa lina sehemu mbili. Ya kwanza ni tangi lisilovuja, ambamo tope linazama chini na mafuta yanaelea juu. Ya pili ni shimo la kunyonya, ambamo maji yaliyopungua uchafu yanaingia ardhini polepole. Tangi hilo lazima lijae tope, na kwa familia ya kawaida linahitaji kunyonywa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Ukikuta karo lina miaka minane halijanyonywa wala kufurika, mara nyingi ni shimo moja lisilo na sakafu, na vinavyoingia vinaondoka kwa chini.

Vinaondoka kwenda wapi? Mbweni, Bahari Beach na sehemu kubwa ya Kigamboni ardhi ni mchanga na maji ya chini ya ardhi yako karibu. Msimu wa masika unaweza kuchimba kwa jembe ukayakuta. Karo lisilo na sakafu mahali kama hapo limekaa ndani ya maji yale yale ambayo jirani anayavuta kwa pampu ya kisima. Nyumba moja kwenye ekari moja haina shida kubwa, kwa sababu ardhi ina uwezo wake wa kuchuja. Lakini ekari ile imekatwa viwanja vinane, kila kiwanja kina karo na kila cha pili kina kisima. Kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam Agosti 2015 hakikuuliza nani ana geti na nani hana.

Kwa hiyo unayehitaji bomba si wewe peke yako. Anayelihitaji zaidi ni anayekunywa maji chini yako.

Sisi tuko mlimani. Kwa nini mnasema mpango unaanzia bondeni?

Maji hayajui mipaka ya kata. Mhandisi anapopanga mtandao haanzi na orodha ya mitaa, anaanza na ramani ya vimo, ile inayoonyesha wapi ardhi imeinuka na wapi imeshuka. Anatafuta mabonde, kisha anauliza: mvua ikinyesha kwenye eneo hili lote, maji yatakutana wapi? Pale yanapokutana ndipo bomba kuu linapopita, na kila mtaa wa juu unaingiza humo. Nusu ya Goba inaweza kumwaga upande mmoja na nusu upande mwingine, ingawa mwenyekiti ni mmoja. Ukijenga mabomba ya mlimani kwanza bila la bondeni, umewakusanyia watu wa chini uchafu wa watu wa juu.

Nitaeleza tulichokikuta mahali fulani. Tulikuwa tunafuata korongo, mmoja ameshika mti wa vipimo, mwingine yuko kwenye darubini. Ramani ilionyesha njia nzuri sana: mteremko wa kutosha, hakuna nyumba, kilomita moja na nusu mpaka mtoni. Tulipofika katikati tukakuta ukuta wa matofali umekatiza korongo kutoka ukingo huu hadi ule. Mzee mwenye nyumba alitutolea vigoda, akatuletea maji ya kunywa, akatuonyesha karatasi zake za mauziano zikiwa zimetunzwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa amenunua kwa haki. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba pale ndipo mtaa mzima ungepitishia majitaka. Nyuma ya ukuta wake kulikuwa na misingi mingine mitatu imeshachimbwa.

Korongo lile sasa limeziba, na njia mpya itahitaji kituo cha pampu ambacho hakikuwemo kwenye hesabu. Kati ya yote niliyoyaandika hapa, hili ndilo ningependa kila mwenyekiti wa mtaa alishike: fedha za bomba zinaweza kuja mwaka huu au miaka kumi ijayo, lakini njia yake inafungwa leo, ukuta mmoja baada ya mwingine. Kuitunza njia wazi hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji mchoro ubandikwe kwenye ofisi ya mtaa kabla kiwanja hakijauzwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 tayari inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukanda huo ukilindwa, mara nyingi unatosha kupitisha bomba kuu. Tahadhari yake ni mafuriko. Mito yetu hula kingo, kwa hiyo bomba linalofuata mto lazima likae nje ya mkondo na livalishwe zege kila linapovuka.

Bomba linatakiwa liwe na ukubwa gani?

Dogo kuliko wengi wanavyodhani. Chukua mtaa wa nyumba 500, kila nyumba watu sita, kila mtu lita 100 kwa siku. Hizo ni lita 300,000 za maji safi, na karibu lita 240,000 za majitaka. Ukizigawa kwa saa 24 unapata chini ya lita 3 kwa sekunde. Lakini watu hawaogi usiku wa manane. Saa kumi na mbili asubuhi kila bafu linamwaga kwa pamoja, kwa hiyo tunazidisha mara tatu hivi na kupata lita 8 au 9 kwa sekunde. Bomba la milimita 150 lenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 150 linabeba hayo yote na nafasi inabaki.

Kuweka bomba kubwa mno "ili lisizibe" ni kosa. Maji machache ndani ya bomba pana yanatambaa, na yakitambaa yanaacha mchanga na kinyesi nyuma. Tunataka yakimbie angalau sentimita 60 kwa sekunde, yajisafishie njia yenyewe. Kinachotakiwa kupimwa kwa kuona mbali ni bomba kuu la bondeni, kwa sababu kulifukua tena baada ya miaka 15 ni balaa. Hilo lipimwe kwa idadi ya watu watakaokuwepo, siyo waliopo.

Kama shida ni mteremko, kwa nini msiweke pampu?

Wakati mwingine hakuna njia nyingine. Bomba la milimita 200 linaloshuka mita 1 kwa kila mita 200 linazama mita 5 katika kila kilomita. Kwenye ardhi tambarare kama ya Mbweni, ukianza na kina cha mita moja na robo, baada ya kilomita moja uko zaidi ya mita sita chini, ndani ya mchanga na maji. Kuchimba hapo ni hatari na ni ghali, hivyo unaweka pampu iinue majitaka upya.

Lakini pampu ni mtoto asiyekua. Kila siku inataka umeme, kila wiki inataka mtu wa kuondoa vitambaa kwenye chujio, kila baada ya miaka kadhaa inataka kubadilishwa. Umeme ukikatika na jenereta halina mafuta, majitaka yanafurika kwenye chemba ya chini kabisa, ambayo kwa kawaida iko mlangoni pa mtu asiye na sauti. Mpango wenye pampu tano ukiwekwa mezani, ulizeni nani atalipia umeme wake mwaka wa kumi.

Mtambo au mabwawa yatakaa wapi? Hatutaki harufu.

Hofu hiyo naielewa, na siwezi kuwaambia hakuna harufu kabisa.

Kwa hali ya joto yetu, mabwawa ni njia ya kuaminika. Bwawa la kwanza lina kina kirefu, mita mbili hadi tano, na humo wadudu wasiohitaji hewa wanakula uchafu mzito. La pili lina kina cha mita moja na nusu hivi, rangi yake kijani kwa mwani unaotoa oksijeni. Ya mwisho yana kina kifupi ili jua liue vimelea. Hakuna mashine wala umeme. Gharama yake ni ardhi: kwa makadirio mita moja hadi tatu za mraba kwa kila mtu, kwa hiyo watu 50,000 wanahitaji kati ya hekta 5 na 15, pamoja na ukanda wa kuyatenga na nyumba. Mtambo wa mashine unahitaji eneo dogo zaidi, lakini unakula umeme na unataka mafundi wake. Mbezi Beach umechaguliwa mtambo, kwa fedha za Benki ya Dunia, na ukijua bei ya kiwanja kule utaelewa.

Harufu mbaya huja pale bwawa linapobebeshwa mzigo kuliko uwezo wake, au tope lisipotolewa kwa miaka. Na malalamiko huja pale nyumba zinapolifuata bwawa. Vingunguti mji umeyazunguka mabwawa. Arusha mabwawa ya zamani ya Lemara yalimezwa na mji, ikabidi mapya yajengwe nje, Terrat. Dawa ni kutenga ardhi mapema na kuipanda miti pembeni. Kata isiyotenga itatengewa na mwenzake, na majitaka yake yatasafiri mbali kwa bei yake.

Mtaa wetu umebanana, hata bajaji haipiti. Bomba litapita wapi?

Kuna njia iliyoanza Natal, Brazil, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Badala ya kuchimba barabarani kina cha mita mbili, bomba la milimita 100 linapita uani, nyuma ya nyumba au kwenye kichochoro, kina cha sentimita 40 tu, maana hakuna gari la kulikanyaga. Badala ya chemba kubwa za kuingia mtu, kuna visanduku vidogo unavyofungua kwa mkono. Gharama inashuka sana.

Hapa nyumbani imefanyika. Mwanza imetumika kwenye vile vilima vya mawe ambako gari haliwezi kupanda. Vingunguti wakazi na vikundi vyao vya akiba, wakisaidiwa na shirika lisilo la kiserikali la CCI (Centre for Community Initiatives), waliunganisha nyumba zao na mabwawa yaliyokuwa jirani yao miaka yote.

Sharti lake ni ujirani. Bomba linapita kwako, kwa mama Fulani na kwa babu wa nyuma. Mmoja akiziba, wote wanaziba. Mkikubaliana nani anashika ufunguo, nani anapiga simu na kila nyumba inachangia nini, linadumu. Nimeona mistari miwili iliyojengwa wiki moja, fundi mmoja. Mmoja unafanya kazi, mwingine umekufa. Uliokufa majirani hawakuwa wamekaa kikao hata kimoja.

Na kama bomba litachukua miaka kumi kufika?

Kwa mitaa mingi ya pembezoni itakuwa hivyo, na mpango wa kweli unalisema wazi. Katika miaka hiyo kumi huduma yenu ni karo zuri na gari la kunyonya. Hivyo navyo ni mtandao: karo lijengwe lifikike kwa mpira wa gari, ada ijulikane, na gari liwe na mahali halali pa kumwaga topekinyesi pasipokuwa mbali. Dereva akitakiwa kuvuka jiji zima kwenye foleni, ama bei inapanda, ama usiku anamwaga kwenye korongo. Kituo kidogo cha kupokea tope kila upande wa jiji kinaokoa afya za watu wengi mapema kuliko bomba.

Msimu wa mvua watu wanatapisha vyoo. Mnasemaje?

Mvua kubwa inaposhuka, mtu anafungua tundu la choo chake kinyesi kiende na mafuriko. Asubuhi watoto wanapita humo miguu mitupu kwenda shule. Ni kosa kisheria, na faini ipo. Lakini nimewauliza wanaofanya hivyo, na wengi huniambia gari halifiki kwao, au safari moja ni kodi ya mwezi. Faini peke yake haitamaliza. Malipo ya kidogo kidogo na vifaa vidogo vya kunyonya vinavyoingia vichochoroni vingesaidia zaidi.

Nani analipa?

Bomba kuu na mtambo kwa kawaida hulipiwa na serikali, kwa bajeti au mkopo. Ukishaunganishwa unalipa ada ya majitaka kwenye ankara yako ya maji, kwa bei zinazoidhinishwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Kinachokwamisha wengi ni bomba la kutoka nyumbani hadi kwenye chemba ya mtaa: mifereji uani, vigae kuvunjwa, fundi. Nimeona bomba jipya likipita mtaa mzima na nyumba chache tu zikaungwa. Mradi usioweka fedha za kuunganisha nyumba unafukia bomba kavu. Uunganishaji uwe ndani ya bei ya mradi, au ulipwe kwa awamu kwenye ankara.

Bomba litapita kwenye kiwanja changu. Nitafidiwa?

Ukihamishwa au mali yako ikiharibiwa, unastahili fidia baada ya kuthaminiwa. Bomba likipita pembeni bila kukuondoa, mnakubaliana kwa maandishi: upana wa njia, ahadi ya kurudisha ukuta na sakafu, na kwamba hutajenga juu yake. Usikubali kwa mdomo. Piga picha uwanja kabla hawajachimba.

Ninajenga sasa hivi. Nifanye nini?

Swali zuri kuliko yote, na wachache huliuliza kabla ya msingi.

Weka karo upande wa barabara au upande ulio chini, usiliweke nyuma ya nyumba. Siku bomba likifika, utaunga kwa mita chache badala ya kuvunja sebule. Inua sakafu ya chini iwe juu kuliko barabara, kwa sababu choo kilicho chini ya chemba ya mtaa kitarudishiwa uchafu wa wengine. Peleka maji ya jikoni, bafuni na chooni kwenye mkondo mmoja, na ya paa kwenye mkondo wake. Haya mawili yasikutane kamwe. Paa moja kwenye mvua ya masika linamwaga zaidi ya bafu zako zote, na bomba la majitaka halikupimwa kwa ajili yake. Kuna watu hufungua mfuniko wa chemba wakati wa mvua ili ua ukauke. Ua unakauka, na nyumba ya tano chini yao choo kinafoka.

Vitu gani visiingie kwenye bomba?

Nepi, pedi, vitambaa, mchanga wa kusugulia sufuria, mafuta ya kukaangia. Niliwahi kusimama kwenye chemba iliyozibuliwa mbele ya mgahawa wa chipsi. Kilichotoka kilikuwa donge jeupe, gumu kama sabuni ya mche, lenye urefu wa mkono, na katikati yake kitambaa cha deki. Mafundi wawili walilikata vipande kwa sururu. Mafuta yakiwa ya moto yanapita, yakipoa yanaganda. Wenye migahawa wajenge kisanduku cha kunasa mafuta, na wakisafishe kila wiki.

Na mifuniko ya chuma isiuzwe kama chuma chakavu. Mtoto akitumbukia chemba iliyo wazi, hewa ya mle ndani inaweza kumuua kabla ya maji, na itamuua pia mtu mzima anayeruka kumwokoa bila kamba. Ukiona chemba wazi, weka tawi na kaa hapo mpaka mwenzako apige simu.

Kwenye mkutano ujao tuulize nini?

Ombeni kuona ramani ya vimo, siyo ramani ya mitaa. Mwambieni mtaalamu aoneshe kwa kidole bomba kuu litapita wapi na litaishia wapi. Kisha, kabla ya chai, nendeni naye mpaka pale bondeni kwa miguu, na chokaa mkononi, mkaweke alama za njia mkiwa mmeongozana na wenye viwanja.